Uzi: Jangwa la Chalbi si njia ya kupita tu – vivutio vya asili kutoka Marsabit hadi Ziwa Turkana

Msafiri wa Kaskazini (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Watu wengi wanaopanga safari ya kaskazini mwa Kenya huelekeza mawazo yao yote kwenye Ziwa Turkana, na Jangwa la Chalbi hulichukulia kama kipande cha barabara cha kuvukwa upesi, madirisha ya gari yakiwa yamefungwa, ili wafike Loiyangalani, mji ulio ufukweni mwa ziwa, kabla jua halijazama. Naufungua uzi huu kuipinga desturi hiyo. Kwa maoni yangu, anayelipita Chalbi bila kulala humo hata usiku mmoja hulifikia ziwa akiwa hajalielewa, kwa sababu jangwa na ziwa ni habari moja, nayo ni habari ya maji: yalikuwa wapi, yaliondokaje, na yamesalia wapi.

Chalbi lenyewe ni sakafu ya ziwa la kale. Kiasi cha miaka 10,000 iliyopita, wakati sehemu kubwa ya Afrika ilipokuwa ikipata mvua nyingi kuliko sasa, bonde hili lilijaa maji, na Ziwa Turkana nalo lilikuwa limepanda makumi ya mita juu ya kimo chake cha leo, hata likafurika upande wa kaskazini-magharibi na maji yake yakaufikia mto Nile. Ndiyo maana hadi leo ndani ya Turkana kuna sangara na mamba wa jamii ile ile ya Nile, ingawa ziwa halina mto hata mmoja unaotoka. Mvua zilipopungua, Turkana lilisalimika kwa sababu ya mto Omo, ambao huteremka kutoka nyanda za juu za Ethiopia na kuliletea takriban asilimia 90 ya maji yake. Chalbi halikuwa na mlezi wa namna hiyo. Lilikauka, chumvi ikabaki juu.

Nashauri safari ianzie Marsabit, na wala si kwa sababu ya lami tu, ingawa lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale imeurahisishia mji huu mambo mengi. Mlima Marsabit ni volkano ya zamani iliyosimama peke yake katikati ya nchi kavu, na kilele chake kinapita mita 1,700. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi husafiri mamia ya kilomita juu ya ardhi iliyo tambarare kabla ya kukutana na mlima huu, na hapo hupanda, hupoa, na kugeuka ukungu. Ukungu huo ndio unaoulea msitu. Asubuhi utaona miti imefunikwa na kuvu na ndevu za mwani wa miti zinazodondosha maji, huku chini, umbali wa saa chache kwa gari, mbuzi wakitafuta kivuli cha mgunga ambao hauna majani. Ndani ya hifadhi kuna kasoko, yaani mashimo ya volkano, ambazo wenyeji huziita gof, na iliyo mashuhuri zaidi ni Gof Sokorte Guda, yenye Ziwa Paradise chini yake. Ziwa hilo hupungua sana wakati wa kiangazi kikali na limewahi kukauka kabisa, kwa hiyo ulizeni hali yake kabla ya kulifanya kuwa sababu ya safari. Msitu huu ndio ulikuwa makazi ya Ahmed, yule tembo mwenye pembe ndefu ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri maalumu mwaka 1970. Alikufa mwaka 1974, na sanamu yake ipo katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Nje ya mji, upande wa kaskazini, ipo Gof Redo, kasoko pana na kavu ambayo unaweza kusimama ukingoni mwake bila kulipa wala kutembea sana. Mimi binafsi naipenda kuliko Paradise, maana haifichwi na miti.

Kutoka hapo mnashuka. Kwanza mtakutana na uwanda wa mawe meusi ya zaha (lava) yaliyotapakaa hadi upeo wa macho, mawe ambayo hukata matairi bila huruma. Kisha, baada ya kijiji cha Maikona, mawe huisha ghafla na ardhi inakuwa nyeupe. Hapo simamisheni gari, mshuke. Ukiinama na kuubandua utando wa chumvi kwa ncha ya kisu, utaona ni mwembamba mno, na chini yake kuna udongo wa kijivu, laini, ambao mahali pengine bado una unyevu hata miezi kadhaa baada ya mvua. Udongo huo ukikauka hupasuka vipande vyenye kingo zilizojikunja kwenda juu, na ukivikanyaga hulia kama vigae. Inapofika saa tano asubuhi hewa iliyo karibu na ardhi huwa imepata joto kiasi kwamba mazigazi huanza: mtaona ziwa mbele yenu, lenye mawimbi na hata kivuli cha ngamia kilichopinduka, na mkilisogelea nalo linasogea. Wazee wa zamani wa misafara walijua kutoyaamini macho yao saa hizo.

Niseme wazi kwamba anayetarajia milima mirefu ya mchanga kama ya Sahara atavunjika moyo. Yapo matuta ya mchanga karibu na North Horr, na jioni hupendeza, lakini ni madogo. Ukuu wa Chalbi upo katika ubapa wake. Ni vigumu kumweleza mtu aliyezoea nchi ya vilima hali ya kusimama mahali ambapo hakuna kitu chochote kilicho kirefu kuliko wewe kwa kilomita nyingi kila upande.

Pembezoni mwa ubapa huo zipo chemchemi, na hizo ndizo ambazo naona hazipewi heshima inayostahili. Kalacha ni mojawapo. Maji hutoka ardhini, mikoma imeota kwa vikundi, na kuanzia asubuhi hadi mchana Wagabra, wafugaji wa nchi hii, huleta ngamia wao kunywa. Kaeni kando, msiwakaribie wanyama, mtazame. Ngamia hawasukumani, kundi moja husubiri umbali fulani hadi lililotangulia limalize, wala sijui kama ni utaratibu wa wachungaji au ni adabu ya ngamia wenyewe. Ngamia aliyekaa siku nyingi bila maji huinamisha shingo na kunywa mfululizo, bila kuinua kichwa, na unaweza kuyaona maji yakipita shingoni mawimbi kwa mawimbi. Baada ya wanyama kuondoka huja ndege: kwale-nyika kwa makundi, na wakati mwingine tai. Nchi iliyo kati ya chemchemi na chemchemi nayo si tupu. Choroa hupatikana, swala twiga hupatikana, na mbuni wa Kisomali, ambaye dume lake lina shingo na miguu ya rangi ya kijivu-buluu, huonekana akikimbia sambamba na gari.

Kutoka North Horr njia hupitia Gas na kushuka Loiyangalani, na njia nzima Mlima Kulal huwa upande wa kushoto. Mlima huu una urefu unaozidi mita 2,200, umepasuliwa katikati na korongo refu sana, na juu yake kuna msitu wa ukungu kama wa Marsabit. UNESCO iliuingiza katika orodha ya hifadhi za baiolojia ya viumbe na binadamu mwaka 1978. Watu wa Loiyangalani huusema mlima huu kila siku kwa sababu ya upepo unaoporomoka kutoka huko. Kwa hakika chanzo cha upepo huo ni kikubwa zaidi: kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna uwazi wa nchi ya chini, na hewa inayotoka kusini-mashariki hulazimika kupenya hapo kwa kasi. Mkipita Sarima mtaona mitambo 365 ya kuzalisha umeme wa upepo, iliyozinduliwa mwaka 2019 na yenye uwezo wa megawati 310. Haikuwekwa pale kwa bahati nasibu. Upepo huwa mkali zaidi usiku na alfajiri. Mwenye hema la kununua sokoni kwa bei ya kutupa asilitegemee.

Halafu ziwa. Barabara hupanda juu ya mawe meusi, ikafika kileleni, na ghafla maji yanatanda mbele, ya kijani iliyochanganyika na buluu, rangi inayotokana na mwani ulio ndani yake na inayobadilika kadiri upepo na mwanga unavyobadilika. Turkana ndilo ziwa kubwa kuliko yote duniani lililo jangwani, na pia ndilo kubwa kuliko yote yenye maji ya magadi. Kusini yake kabisa, ndani ya maji karibu na ufuko, imesimama kasoko ya Nabiyotum, mviringo karibu usio na kasoro. Wanaoiona vizuri ni wanaopita kwa ndege ndogo, au wanaokubali kutembea juu ya zaha siku nzima na mwongozaji. Kisiwa cha Kusini nacho kipo mbele ya Loiyangalani, lakini kukifikia kunategemea upepo.

Kuhusu Sibiloi nitasema machache, kwa kuwa inastahili uzi wake. Ni hifadhi ya taifa tangu 1973, ipo ufukweni kaskazini-mashariki, na ndani yake kuna magogo ya miti yaliyogeuka jiwe, ushahidi kwamba hapa palikuwa na msitu mkubwa, pamoja na Koobi Fora, ambako visukuku vingi vya binadamu wa kale vimefukuliwa. Anayekwenda huko aongeze siku, mafuta na maji.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

Binti Meru wa Arusha

Asante sana kaka kwa uzi huu. Sisi wa upande wa Tanzania tunalo Ziwa Natron, ambalo nalo ni la magadi, lina joto kali, na Ol Doinyo Lengai unalisimamia kusini. Je, mtu aliyekwisha kuliona Natron ataona jambo jipya Turkana, au ni kitu kile kile kwa umbali mkubwa zaidi? Pili, nina gari dogo la kawaida la mjini. Litafika?

Msafiri wa Kaskazini

Dada, ni ndugu wa bonde moja la Ufa, ila tabia zao ni tofauti. Natron ni la kina kifupi na magadi yake ni makali mno, ndiyo maana flamingo wadogo huzalia huko: maadui wao hawathubutu kuvuka. Turkana lina kina kirefu, na magadi yake ni hafifu kiasi kwamba samaki wengi huishi humo na kuna jamii za wavuvi, wakiwamo Waelmolo, waliokunywa maji yake kwa vizazi vingi, ingawa fluoridi iliyomo huharibu meno na mifupa. Ukitaka kuwaona flamingo upande huu utalazimika kufikiria Ziwa Logipi, lililo katika Bonde la Suguta kusini mwa Turkana, au yale maziwa ya ndani ya Kisiwa cha Kati. Kwa hiyo ndiyo, utaona jambo jipya.

Gari lako liishie Marsabit. Hadi hapo ni lami tupu kutoka Nairobi, zaidi ya kilomita 500, na Gof Redo utaiona bila shida. Kupita hapo kuelekea Maikona panahitajika gari la juu, lenye nguvu katika magurudumu yote manne, matairi mawili ya akiba, na dereva aliyewahi kuendesha juu ya mawe. Usikubali kuambiwa kwamba tairi moja la akiba linatosha.

Mkaazi wa Marsabit

Nampongeza mwanzisha uzi, na naomba niongeze mambo ambayo wageni hutuletea nayo taabu.

La kwanza ni mvua. Chalbi huwa halitoi onyo. Mvua inaweza kunyesha Huri Hills, ambako ninyi hamwioni, na maji yakaingia bondeni usiku ninyi mkiwa mmelala chini ya nyota. Utando ule mweupe uliosifiwa hapo juu hugeuka tope la kuteleza lisilo na chini, na gari likiingia hadi ekseli hakuna wa kulivuta hadi pakauke. Msitoke kamwe kwenye alama za matairi ya walio tangulia, hata kama ubapa unaonekana mgumu na unashawishi kukata njia ya mkato.

La pili ni chemchemi. Msipige hema karibu na maji. Mifugo huja usiku pia, na wanyamapori huja baada yao, na mgeni aliyekaa njiani huwazuia wote wasinywe. Ulizeni wazee wa mahali pa kukaa, mtaonyeshwa. Vilevile msipige picha za watu wala za ngamia wao kabla ya kuzungumza nao. Ngamia ni mali, na mtu hapendi mali yake ihesabiwe na mpita njia.

La tatu, mkipata siku moja ya ziada, pandeni Huri Hills kaskazini mwa Kalacha, karibu na mpaka wa Ethiopia. Ni vilima vya nyasi, vyenye upepo baridi na ukungu wa asubuhi, na kutoka huko Chalbi lote huonekana chini. Wageni ni wachache mno huko.

Mlowezi wa Lodwar

Wakuu, mbona mnazungumza kana kwamba ziwa lina ufuko mmoja? Upande wa magharibi kuna lami hadi Lodwar, kuna Eliye Springs ambako maji matamu hububujika mchangani kati ya mikoma hatua chache kutoka ziwani, na kuna Kalokol ambako boti za kwenda Kisiwa cha Kati hupatikana. Kisiwa hicho chote ni volkano, bado kinatoa mvuke, na ndani yake kuna maziwa matatu ya kasoko: la mamba, la flamingo na la sato. Huko ndiko mamba wa Nile wanakozaliana kwa wingi. Zaidi ya hayo, Nariokotome, ambako mtafuta visukuku Kamoya Kimeu aliyaona mabaki ya yule binadamu wa kale aitwaye Mvulana wa Turkana mwaka 1984, ipo upande wetu. Mwenye siku chache na familia aje magharibi.

Msafiri wa Kaskazini

Ndugu wa Lodwar, kuhusu familia nakubaliana nawe bila ubishi: mwenye watoto wadogo aende Eliye. Kisiwa cha Kati pia hakina mpinzani upande wa mashariki kwa anayetaka kuona mamba na volkano kwa pamoja. Lakini uzi huu unahusu jangwa, na kwa upande wa magharibi mtu anaweza kufika ziwani akiwa hajaiona ile sakafu nyeupe inayoeleza ziwa lilikotoka. Nyongeza moja kwa watakaovuka kwenda kisiwani: ziwa hili huchafuka kwa muda mfupi sana, basi chagueni boti kubwa, vaeni vizibao vya kuokolea, na nahodha akisema leo hapana, msimbembeleze kwa kumwongezea fedha.

Mwanajiografia

Naomba ufafanuzi. Nilisoma kwamba hifadhi za Ziwa Turkana ziliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini kwa sababu bwawa la Gibe III, katika mto Omo huko Ethiopia, lingelikausha ziwa, lakini watu wa Loiyangalani wanasema maji yamepanda na kumeza nyumba. Lipi ni lipi?

Msafiri wa Kaskazini

Yote mawili ni kweli, mkuu. Kati ya hifadhi hizo, Sibiloi na Kisiwa cha Kati zilitambuliwa kuwa urithi wa dunia mwaka 1997, Kisiwa cha Kusini kikaongezwa mwaka 2001, na mwaka 2018 zote zikaingizwa kwenye orodha ya hatari, hasa kwa hofu ya mabwawa na mashamba ya umwagiliaji katika mto Omo. Kisha mvua kubwa za miaka iliyofuata, hasa 2019 na 2020, ziliongeza maji katika maziwa mengi ya Bonde la Ufa, Turkana likiwamo, na ufuko ukasogea. Kupanda huko hakuondoi hoja ya bwawa, kwa sababu bwawa hubadilisha hasa majira ya mafuriko ya Omo, na samaki huzaliana kwa kufuata mafuriko hayo. Kwa msafiri, maana yake ni kwamba ramani za zamani za ufuko zisiaminiwe. Mahali palipoandikwa kuwa pana kambi au njia ya ufukweni huenda sasa pamo majini.

Kijana wa Nakuru

Mzee wangu, umeitaja Suguta kwa kifupi sana. Nimeona picha za Logipi na flamingo wake nikavutiwa mno. Tunaweza kuunganisha na safari hii? Na mwezi upi unafaa?

Msafiri wa Kaskazini

Kijana wangu, Suguta ni mahali pa ajabu, miongoni mwa mabonde yenye joto kali kuliko yote nchini, lakini siwezi kumshauri mtu aingie kwa gari. Mwezi Novemba 2012 askari zaidi ya 40 waliuawa huko wakifuatilia mifugo iliyoibwa, na wizi wa mifugo haujakoma. Wanaokwenda kwa usalama huenda kwa helikopta, na bei yake si ya watu kama sisi.

Kuhusu majira, chagueni Januari hadi Februari, au Juni hadi Septemba. Aprili na Mei Chalbi hujaa maji, na Oktoba kuelekea Novemba mvua fupi zinaweza kuwakamata. Kwa Juni hadi Septemba mtapata joto linalovumilika. Kwa Januari na Februari mtapata joto kali na makundi makubwa ya ngamia kwenye chemchemi, kwa sababu madimbwi ya nje huwa yamekwisha. Mimi ningechagua Februari. Kila mtu na abebe maji yasiyopungua lita kumi kwa siku yakiwamo ya kupikia, mafuta yajazwe Marsabit, na kabla ya kuondoka pigeni hodi kituo cha polisi kuuliza hali ya njia. Njia iliyokuwa salama mwezi uliopita si lazima iwe salama leo. Kwa wale watakaorudi Nairobi, msirudi kwa njia mliyojia: tokeni Loiyangalani kupitia Sarima hadi Laisamis, zaidi ya kilomita 200 za barabara iliyotengenezwa kwa ajili ya mitambo ya upepo, mkutane na lami hapo, na kabla ya Archers Post mtauona mlima Ololokwe, kichwa bapa, upande wa kulia.